Koti la Marehemu, Kaptula la Rais

Katika makumbusho ya Livingstone pale Ujiji wapo Wazungu wawili wa karatasi. Karatasi ililowekwa, ikafinyangwa kwa gundi, ikakaushwa na kupakwa rangi, wakapatikana Livingstone na Stanley wenye vimo vya kuwazidi binadamu, wakisalimiana bila kuchoka kama walivyosalimiana Novemba 1871. Nimewahi kuwatazama watoto wa shule wakiingizwa humo kwa mstari. Wa kwanza hutoa macho. Wa pili hubanwa na kicheko, hukizuia kwa kiganja, kisha hufanya jambo lililonikaa kichwani kuliko sanamu zenyewe: humgeukia mwalimu. Mwalimu akitabasamu, darasa zima huangua kicheko. Mwalimu akinuna, historia inaendelea.

Sanamu zile zimepungukiwa na kitu kimoja tu ziwe tamthilia, nacho ni mkono ndani yake. Stanley mwenyewe alisimulia kwamba kabla hajamwona daktari alilakiwa na Susi, mtumishi wa Livingstone. Susi huyo, pamoja na Chuma, ndio waliokuja kuongoza msafara ulioubeba mwili wa bwana wao hadi pwani. Mtengenezee naye umbo, mwenye mdomo unaofunguka, aeleze aliyoyaona siku ile wanaume wawili walipokuwa wakitafuta neno la kwanza la kuambiana katika mji uliojaa watu waliokwisha kujuana zamani. Sanamu za heshima zingegeuka vikaragosi papo hapo, bila kubadilishwa hata rangi ya kofia.

Afrika Mashariki si ngeni kwa watawala waliotiwa mkono mgongoni. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, ni Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akajenga jina lake kama mchora katuni Nairobi. Ndiye aliyebuni The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya mpira kilichoanza kuonyeshwa Citizen TV mwaka 2009. Mfano aliutoa Ufaransa, kwenye Les Guignols de l'info, na nyuma yake kulikuwa na Spitting Image ya Waingereza, iliyoanza 1984. Lakini wakati wa kuanza ulikuwa wa Kenya yenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa bado mbichi, mahasimu walikuwa wamekaa katika serikali moja ya mseto wakinuniana, na mwananchi aliyezika ndugu alikuwa anatakiwa aamini kwamba wale wawili sasa ni marafiki. Vikaragosi viliwaweka wakubwa hao chumba kimoja, vikawafanya wagombee mambo madogo madogo kwa sauti zao wenyewe. Mpira una faida hiyo: hauoni aibu, na mwenye sura yake hawezi kusema hakuwepo.

Kenya ilikuwa imekwisha kuzoezwa. Miaka ya mwisho ya Moi, vijana watatu wa Redykyulass walikuwa wakimwiga rais aliye madarakani, mwendo na sauti, kwenye televisheni. Mmoja wao, John Kiarie, leo ni mbunge. Nitarudi kwenye hilo la mchekeshaji kukalia kiti alichokuwa akikicheka, maana limefika hadi kwetu Mwanga, hapa Kigoma.

Swali linalonisumbua ni kwa nini Gado, Mtanzania, alilazimika kulijenga jukwaa lake ng'ambo ya mpaka. Jibu jepesi ni sheria, na sheria zipo. Januari 2015 serikali yetu ilizuia gazeti la The East African kusambazwa nchini, ikitaja kasoro ya usajili, mwezi uleule ambao gazeti hilo lilikuwa limechapa katuni ya Gado kuhusu Rais Kikwete. Mtu atasema hiyo ni sadfa, na mimi simzuii. Lakini sheria peke yake hainitoshi. Watu waliofungiwa midomo wametengeneza vikaragosi mahali pabaya zaidi. Syria ya 2011, wakati risasi zinalia, kundi la Masasit Mati lilimwigiza Bashar al-Assad kwa vikaragosi vya kuvalishwa kidoleni, vidogo kiasi cha kupita kizuizi cha askari mfukoni, wakavirusha mtandaoni. Kinachofanya kikaragosi kiume ni jambo lililoko upande wa watazamaji, na hilo ndilo nataka kulisogelea kwa kupitia msibani.

Kigoma ni mji wa Waha, Wamanyema, Wabembe, Watongwe, na Wanyamwezi walioshushwa na misafara kisha na reli iliyofika ziwani 1914. Mji wa namna hiyo haukosi watani. Aliyewahi kukaa matanga yenye watani anaijua sanaa yao. Wafiwa wamejiinamia, mara mtani anatoka chumbani amevaa koti la marehemu, kofia kaiweka upande ileile, fimbo mkononi. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai chakula kwa ukali wa marehemu. Anawauliza waombolezaji, mmoja mmoja, deni lake watalipa lini. Kama marehemu alikuwa bahili, ubahili unawekwa hadharani mbele ya wajane. Na wajane wanacheka huku machozi hayajakauka. Mtani hupewa chochote kidogo ili avue.

Sura yake imebaki wazi, kila mtu anamjua, na asubuhi ya pili atakutana nao sokoni. Barakoa yake ni koti. Nguvu ya koti hilo haitoki kwenye kitambaa, inatoka kwenye kanuni ambayo kila aliyeketi pale ameikubali kabla hajazaliwa: mtani hakasirikiwi. Atakayekasirika ndiye atakayeonekana hana adabu. Kwa dakika chache aibu inahama kutoka kwa anayedhihaki kwenda kwa anayeshindwa kudhihakiwa, na sijui onyesho la mpira, hata likiwa la gharama kubwa namna gani, linaloweza kufanya hivyo bila kwanza kupata kanuni ya aina hiyo kwa watazamaji wake.

Wamakonde wanalijua hili kwa undani kuliko sisi wa ziwani. Katika mapiko, ngoma ya vinyago inayochezwa pande zote mbili za Mto Ruvuma, mchezaji huvishwa kinyago kinachofunika kichwa chote, mwili ukazungushiwa nguo, na anaona njia kupitia mdomo wa kinyago. Humo wamepita wakoloni wa Kireno, wamisionari, wafanyabiashara, na vigogo wa kijiji wanaojiona. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji ngoma hiyo ikaingia pia kambini kwa wapiganaji wa FRELIMO. Kwa mila, wanawake na watoto ambao hawajatoka jandoni hawakutakiwa kujua kwamba ndani yumo mtu. Wanawake walijua. Wanaume walijua kwamba wanawake wanajua. Wote walikubaliana kutojua hadi jua lizame, na katika kutojua huko mtu wa ndani aliweza kumcheza bwana mkubwa apendavyo bila mtu kumtaja jina. Siri iliyovuja zamani iliendelea kulindwa na watu haohao ambao haikuwa siri kwao. Nikitafuta maana ya neno ujasiri katika sanaa, naikuta hapo zaidi kuliko kwa msanii anayesimama peke yake na kupasua koo.

Beni nayo, iliyotoka pwani na kusambaa bara kwa njia ya askari na reli, ilitumia nguo. Watu waliovaa magwanda, wenye vyeo vya jenerali na daktari, walipiga kwata nyuma ya ngoma mbele ya macho ya serikali ya kikoloni. Walikuwa wanaitukuza au wanaicheka? Wakoloni waliipeleleza ngoma hiyo kwa miaka mingi, na nadhani raha yake yote ilikuwa katika hilo swali kukosa jibu.

Sasa tazama nguo inapohamia ikulu. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliandika tamthilia ya Kaptula la Marx mwishoni mwa miaka ya 1970. Rais Kapera anavaa kaptula la Marx lisilomtosha, anawaongoza mawaziri wake katika safari ya kwenda nchi ya Usawa, na sisi tunatazama kiongozi mzima akipambana na nguo ambayo hakushonewa. Kitabu kilichapishwa 1999, karibu miaka ishirini baadaye, wakati Azimio la Arusha lenyewe limekwisha kufungwa kabatini. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Mei mwaka huohuo mchekeshaji Idris Sultan alirekodi video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa ndani ya suti kubwa kuliko mwili wake. Hakusema neno la maana. Alicheka tu. Akashikiliwa na polisi siku kadhaa, na mashtaka yaliyofika mahakamani yakahusu usajili wa laini ya simu, maana kosa la kucheka suti halijapata kifungu. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa amehojiwa na polisi kwa kubadilisha sura mtandaoni, yake akaipachika kwenye picha ya rais na ya rais kwenye mwili wake. Kama hiyo si barakoa, sijui tuite nini.

Nimeirudia mara nyingi sadfa ya kaptula na suti. Mtunzi aliye makini kuliko wote katika Kiswahili na kijana wa mitandaoni, wakitengana miongo minne, wanamcheka mtawala mahali palepale: nguo haimtoshi. Hawakugusa sera. Mkosoaji makini angeweza kulalamika kwamba wamekwepa mambo ya msingi. Mimi naona wamegusa jambo ambalo hotuba ya upinzani haiwezi kulifikia. Madaraka ni vazi, linavaliwa, na mwili ulio ndani yake ni wa mtu kama wewe. Takwimu za rushwa zinaweza kukanushwa na takwimu nyingine. Suti kubwa haikanushwi.

Tofauti yao ni moja, nayo ndiyo inayouma. Idris alicheka peke yake. Waliocheka pamoja naye walicheka kila mmoja kwenye simu yake, wengine kitandani, wengine kwenye daladala na vidole vyao juu ya kitufe cha kufuta. Hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake. Maelfu ya vicheko vya mmoja mmoja ni rahisi kuvishughulikia: unamkamata aliyeanza, na wengine wote wanagundua kwamba hawakucheka. Koti la mtani lingevuliwa kwa urahisi uleule kama angelivaa usiku, chumbani kwake, mbele ya kioo.

Wakubwa, kwa upande wao, utani wanaufahamu sana. Mkuu akipanda jukwaani haanzi na bajeti, huanza na watani zake. Anawauliza kabila fulani kama wameacha kula kitu fulani, umati unacheka, na kwa dakika hiyo yeye ni ndugu. Lakini utani wa jadi ni wa kupokezana. Leo unanivua nguo, kesho nakuvua wewe. Utani wa jukwaani unateremka tu. Bado sijamwona mwananchi aliyepewa kipaza sauti amrudishie mkuu utani wake, akaachwa arudi kukaa kwa amani.

Na huku Mwanga je? Kigoma Mjini haijawahi kuwa mji wa kupiga makofi kwa amri. Mwaka 1995 uchaguzi wa vyama vingi ulipokuja, jimbo lilimpeleka bungeni Dk. Amani Walid Kabourou wa CHADEMA. Mwaka 2015 likamchagua Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo. Siasa hapa huja na muziki. Wimbo wa Leka Dutigite, uliokusanya wasanii wenye asili ya Kigoma mwaka 2012, ulikuwa burudani na pia tangazo la kisiasa, na hakuna aliyeona ajabu. Baba Levo, aliyekuwamo katika kundi hilo, mwenye kipaji cha maneno ya kuchekesha, alichaguliwa 2015 kuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kupitia ACT-Wazalendo, na miaka kumi baadaye akagombea ubunge wa Kigoma Mjini kupitia CCM. Simlaumu; mchekeshaji naye ana haki ya kugombea. Ila kila mchekeshaji anapoingia ukumbi wa baraza, mji unapungukiwa na mtani mmoja, na idadi ya wanaotakiwa kuchekwa inaongezeka kwa mmoja. Hesabu hiyo Wakenya pia wanaijua.

Kuna barakoa nyingine ambazo Mwanga inazivaa bila kuziita hivyo. Kila baada ya miaka mitano mji hugawiwa nyuso: fulana, kofia, kanga. Uso wa mgombea unatembea kwenye vifua vya bodaboda, unapanda mlima na mzigo wa mihogo. Uchaguzi ukipita, uso huohuo huendelea na maisha ya nguo nyingine yoyote. Hufuliwa kwa omo hadi jicho moja likafifia. Kanga yenye tabasamu la kigogo hubeba mtoto mgongoni, na mtoto hana heshima kwa kigogo. Huko mwaloni Kibirizi hufunikia dagaa wasinyeshewe, halafu mama huikunja, akaiweka kwenye benchi na kuikalia. Hakuna mwigizaji aliyepangwa hapo, na hakuna polisi atakayekamata kanga. Katika utazamaji wangu wote wa siasa za mkoa huu sijaona dhihaka iliyokamilika kuliko ile ya tabasamu la kampeni likiwa na harufu ya dagaa.

Kwa hiyo malighafi tunayo, na watazamaji tunao. Tunachokosa ni kukusanyika. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ya Mobutu, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza kwa Kiswahili cha kwao hadi kwenye televisheni ya dola, na mwaka 1986 likatunga mchezo mzima kutokana na methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Wakati ule picha ya Mobutu ilikuwa inateremka kutoka mawinguni kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Wao hawakumgusa. Mchezo waliuweka kijijini, kwa chifu, na kila mtazamaji akafanya hesabu yake mwenyewe nyumbani. Wapo watakaouita woga. Mimi naona ni mapiko kwa njia nyingine: watu wamekubaliana kutojua.

Nikipewa viwanja vya Community Centre pale Mwanga na wiki chache za mazoezi, nisingeanza na rais. Ningeanza na samaki. Wavuvi wa Mali, Wabozo, wana vikaragosi vyao vikubwa vya samaki na mamba, na vijana wa huko huvitumia kuwasema wazee wao mbele ya kijiji kizima. Nasi tuna mgebuka. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Wataalamu wana hoja zao, na ziwa kweli limechoka. Lakini tazama tamthilia iliyomo: samaki amepewa likizo ya miezi mitatu, mvuvi hajapewa hata siku moja ya ugonjwa. Mgebuka wa nyavu kuukuu na mifuko ya saruji, mrefu kama mtumbwi, anayeendeshwa na watu watatu, anaitisha mkutano na waandishi wa habari. Anaishukuru serikali sikivu. Anawaomba wavuvi wawe wavumilivu. Anaulizwa kama alishirikishwa katika uamuzi, anasema vikao vilifanyika. Vikao vilifanyika wapi? Hotelini. Yeye alikuwa wapi kwenye vikao? Kwenye sahani.

Kisha aingie mtoza ushuru mwenye koti, na hapo watazamaji wenyewe wataandika sehemu iliyobaki, maana wauza dagaa wa Kibirizi wanayo maneno ya kumwambia ambayo mtunzi hawezi kuyabuni.

Tatizo litakuwa kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka mchezo upate kibali kabla haujaonyeshwa, na anayetoa kibali anataka kusoma mswada. Utampelekea nini? Maneno ya mgebuka yanaandikika. Majibu ya akina mama hayaandikiki, na ndiyo mchezo. Ofisa atakuwa na karatasi mbili za mazungumzo ya samaki, zisizo na kosa lolote, na atagonga muhuri. Au atahisi kitu asichoweza kukitaja, na atatuambia turudi Jumatatu. Jumatatu atatuambia turudi Alhamisi.

Tukikipata, onyesho liwekwe siku za mbalamwezi. Usiku wa giza wavuvi wako majini na taa zao, lakini mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wanaume wanabaki nchi kavu, na mji unakuwa na watu wake wote. Meza kuu isiwepo, wala viti vya plastiki vyenye kitambaa, wala mwenye jukumu la kuwatambulisha wageni waalikwa, kwani kukiwa na mgeni rasmi watu watamtazama yeye badala ya samaki. Mtoza ushuru aje kama raia. Koti la mchezo tusilishone, tuliazime kwake, apewe nafasi ya kukaa mkekani katikati ya akina mama wa dagaa, na kabla ya kuanza mtu mmoja wao amweleze, kwa sauti ya kusikika, kwamba leo yeye ni mtani.